Kuwafundisha wajitoleaji wa mtaa kuangalia na kuandika shughuli za mwili: mwongozo kwa vikundi vya Lubumbashi

Kikundi cha vijana, kamati ya afya au chama cha michezo kikitaka kumwomba mkuu wa komine taa, maji au mwalimu wa mazoezi kwa ajili ya uwanja wa mtaa, kitaulizwa mapema: ni watu wangapi wanaoutumia, na wanafanya nini pale? Kuwauliza watu wenyewe husaidia kidogo tu, kwa kuwa wengi hawakumbuki walitembea dakika ngapi juzi, na wengine hujibu kama wanavyodhani muulizaji anapenda kusikia. Iliyo imara zaidi ni kwenda uwanjani, kuangalia kwa utaratibu mmoja usiobadilika, na kuandika.

Utaratibu unaotumika sana kwa kazi hii unajulikana kwa kifupisho cha SOPARC. Ulichapishwa mwaka 2006 na Thomas McKenzie, Deborah Cohen na wenzao, baada ya kujaribiwa katika bustani za umma za Los Angeles nchini Marekani, nao ulitokana na utaratibu wa mwaka 2000 uitwao SOPLAY, ambao ulikuwa wa viwanja vya shule. Hauhitaji mashine wala shahada. Unahitaji macho mawili, karatasi, saa na nidhamu. Mwongozo huu unaulinganisha na hali ya Lubumbashi, ambako uwanja wa mpira ni pia njia ya mkato, soko dogo la mandazi na mahali pa kuanikia nguo. Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba mwangalizi huharibu takwimu zaidi kwa kuandika anachokijua badala ya anachokiona kuliko kwa kukosea hesabu. Sehemu kubwa ya mafunzo ni kumwondolea tabia hiyo.

Hatua ya kwanza: ruhusa, ramani na mipaka

Mtu anayesimama pembeni ya uwanja na kuandika huku akiwatazama watoto wa wenzake ataulizwa maswali, na ana haki ya kuulizwa. Kwa hiyo anza na barua ya ruhusa ya komine, kisha umwone shefu wa kartie na muuguzi mkuu wa kituo cha afya, pamoja na kamati ya afya ya eneo, yaani CODESA, ambayo tayari ina mareko, yaani wajitoleaji wa afya wa mtaa, wanaojulikana na kuaminiwa na familia. Ikiwa matokeo yatatumika katika utafiti, peleka pendekezo lako mapema kwenye kamati ya maadili ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Usisubiri mpaka fomu zimekwisha kujazwa. Kila mwangalizi apewe nakala ya barua yenye muhuri, jile ya rangi moja na kadi yenye jina la kikundi.

Baada ya hapo tembea mahali penyewe pamoja na mtu anayepafahamu, uchore ramani kwa mkono. Gawa mahali hapo katika maeneo lengwa, yaani sehemu ambazo mwangalizi mmoja anaweza kuziona zote bila kuhama: uwanja wenyewe, ukingo wenye kivuli wanakokaa watazamaji, sehemu ya mchanga wanakochezea watoto wadogo, kipande cha njia kinachopita nyuma ya goli. Kila eneo lipewe namba, na mpaka wake ushikwe na kitu kisichohamishika, kama mti, ukuta au nguzo ya umeme. Meza ya muuzaji haifai kuwa mpaka, kwa sababu kesho itakuwa upande mwingine. Andika pia mahali halisi pa kusimama kwa kila eneo, kwa kuwa watu wawili waliosimama pembe mbili tofauti hawaoni uwanja uleule.

Eneo lenye watu wengi ligawanywe zaidi. Uwanja wa Katuba au wa Kenya (ninasema komine ya Kenya, si nchi) siku ya Jumapili alasiri unaweza kuwa na mechi mbili zilizopishana, na hakuna jicho linaloweza kuzishika zote kwa mara moja.

Hatua ya pili: nani afundishwe

Kikundi cha watu wanane hadi kumi na wawili kinatosha na kinafundishika. Tafuta wanaoweza kusoma na kuandika, wenye macho mazuri (hata kwa miwani), wanaoweza kusimama saa moja bila simu mkononi, na wanaofika kwa wakati. Wanawake wasipungue nusu, kwa sababu mwangalizi mwanamke hukaa karibu na mahali wasichana wanapocheza nzango (mchezo wao wa kuruka na kurusha miguu) au kuruka kamba bila mtu kumshuku.

Kuna swali gumu la kama mwangalizi atoke mtaa uleule. Mwenyeji anakubalika haraka, lakini anawajua watu mno: ataandika kwamba yule papa ni mzee kwa kuwa anawajua wajukuu wake, au kwamba yule kijana ni mtoto kwa kuwa alisoma na mdogo wake. Mgeni anaona umbo na mwendo tu, lakini anaweza kufukuzwa. Shauri langu ni kuunda jozi za mwenyeji mmoja na mgeni mmoja kutoka kartie nyingine, na kuzibadilisha jozi hizo kila baada ya muda ili mazoea yasigeuke kuwa makubaliano ya kimyakimya.

Nauli na chakula cha siku zilipwe kwa kila aliyefika, pasipo kutegemea idadi ya watu aliowaandika. Ukilipa kwa hesabu, hesabu zitapanda.

Hatua ya tatu: fomu

Karatasi moja kwa eneo moja kwa pitio moja, yaani mara moja ya kuliangalia eneo lote. Juu kabisa huandikwa tarehe, namba ya eneo, alama ya mwangalizi, hali ya hewa na saa ya kuanza. Saa iandikwe kwa tarakimu za mfumo wa saa ishirini na nne, kama 06:45 au 16:45. Hii ni lazima hapa kwetu, ambako mmoja akisema saa mbili anahesabu tangu mapambazuko na mwingine anasoma kama simu inavyoonyesha. Hakikisha pia kwamba simu zote zinafuata saa ya Lubumbashi, kwani simu iliyobaki na saa ya Kinshasa iko nyuma kwa saa nzima.

Chini yake huja maswali ya ndiyo au hapana kuhusu eneo lenyewe: je, liko wazi kwa watu wote? Je, linafaa kutumika, au limejaa maji? Je, kuna mtu anayelisimamia, kama kocha au mwalimu? Je, kuna shughuli iliyopangwa, kama mechi au darasa la karate? Je, kuna vifaa vilivyoletwa na msimamizi, kama mipira?

Kisha jedwali. Wanawake na wasichana upande mmoja, wanaume na wavulana upande wa pili. Rika ni nne katika utaratibu wa asili: watoto hadi miaka 12, vijana wa 13 hadi 20, watu wazima wa 21 hadi 59, na wazee wa 60 na zaidi. Marekani waliandika pia asili ya watu. Sisi hatuna haja nayo, na katika mji wetu kuandika kabila la mtu kwa kumtazama ni kosa la kimaadili na pia hatari. Safu hiyo ifutwe kabisa.

Kiwango cha shughuli kina herufi tatu. T ni mtu aliyetulia: amelala, ameketi au amesimama. M ni mtu aliye katika mwendo wa kawaida wa kutembea. N ni mtu anayetumia nguvu kupita mwendo huo wa kawaida, kama anayekimbia, anayeruka, anayecheza ngoma kwa bidii au anayesukuma mzigo. Usiongeze herufi ya nne. Kila kikundi hushawishika kuiongeza, kwa ajili ya «mwendo wa haraka kidogo», na kila mara watu hukosana juu yake.

Karatasi na kalamu ya risasi zinashinda simu uwanjani: haziishiwi na umeme, hazimvutii mwizi, na hazimfanyi mama aliye pembeni adhani anapigwa picha. Jioni, mtu mmoja anaweza kuziingiza fomu katika KoboToolbox, programu ya kukusanyia takwimu, au katika jedwali la kompyuta, na mwingine akague alichoandika.

Hatua ya nne: mafunzo yenyewe

Tenga siku nne, na usizibane kuwa mbili hata kama wafadhili wanaona bei ni kubwa.

Siku ya kwanza hutumika ndani, kwa maelezo ya lengo, maadili na herufi. Hapa ndipo pa kufundisha kanuni inayobeba utaratibu wote, nayo ni hii: mwangalizi anaandika kile mtu anachokifanya katika nukta ileile ambayo jicho linampitia. Haandiki alichokifanya sekunde tano zilizopita, wala atakachokifanya, wala kazi yake. Kipa aliyesimama kati ya miti miwili akisubiri mpira ni T, ingawa yumo katika mechi na atatoka akiwa amelowa jasho. Mchezaji anayerudi taratibu katikati ya uwanja baada ya goli ni M. Mtazamaji anayeruka kwa furaha ni N. Wanafunzi karibu wote hupinga jambo hili mwanzoni, wakisema kwamba kipa ameonewa. Waeleze kwamba mapitio yakiwa mengi, kipa huyo ataonekana pia akiruka, na jumla itasimama mahali pake. Lakini kila mwangalizi akianza kuwasahihisha watu kwa huruma, hakuna jumla itakayosimama.

Kisha wafundishe pitio. Jicho huanza kushoto na kwenda kulia kwa mwendo mmoja usiorudi nyuma. Kwanza huhesabiwa wanawake na wasichana, halafu pitio linarudiwa kwa wanaume na wavulana. Anayeingia upande wa kushoto baada ya jicho kupita haandikwi. Anayekimbia kutoka kulia na kukutana na jicho njiani anaandikwa mara moja, hata akitokea tena mbele. Kupitisha jicho kunafanana na kufagia ua: ukirudi nyuma kuokota kila jani linaloanguka, hutamaliza.

Siku ya pili hutumika kwa video fupi. Zitengeneze wenyewe, mkiwaomba wanakikundi wenu wacheze, watembee na waketi. Msiwarekodi watu wasiojua. Simamisha picha, kila mmoja aandike herufi yake bila kusema, kisha fungueni karatasi. Palipo na tofauti, jadilini mpaka mpate kanuni moja, na kanuni hiyo iandikwe katika daftari la maamuzi. Daftari hili ndilo mali kubwa ya mafunzo, kwa sababu miongozo iliyoandikwa kwa bustani za Marekani haina jibu la mambo yanayoonekana hapa. Haya ni baadhi ya maamuzi ninayoyaona kuwa ya busara:

- Mama aliyembeba mtoto mgongoni ni watu wawili. Mama anaandikwa kwa mwendo wake; mtoto, anayebebwa, ni T.
- Mwendesha baiskeli aliyepakia magunia ya makala (makaa) na kukatiza ndani ya eneo lengwa anaandikwa, na akiwa anaendesha au anasukuma ni N. Akiwa amesimama kupumzika ni T.
- Anayetwanga au anayefua kwa mikono karibu na bomba, ndani ya mpaka, ni N pale mwili wote unapofanya kazi, japokuwa miguu haihami. Swali la kuuliza ni kama anatumia nguvu kuliko mtu anayetembea kwa kawaida.
- Muuzaji aliyeketi ndani ya mpaka anahesabiwa kama mtu mwingine yeyote. Aliye nje ya mpaka hahesabiwi, hata kama anauza kwa wachezaji.
- Mtu aliyevaa sare ya shule hawekwi rika kwa sababu ya sare. Atazamwe umbo na uso wake.

Amueni pia mapema kama kazi ya mikono itatenganishwa na mchezo. Wengine huongeza safu ndogo ya «kazi» na «mapumziko», nami ninaiunga mkono kwa mji wetu, kwa sababu bila safu hiyo ripoti inaweza kusifu uwanja kwa watu wenye bidii ya mazoezi, kumbe nusu yao walikuwa wakibeba bidoni za maji.

Siku ya tatu wote huenda uwanjani, jozi kwa jozi, wakiangalia eneo lilelile kwa wakati uleule lakini kila mmoja na karatasi yake. Wasimame umbali wa hatua chache, wasizungumze. Mkufunzi atoe ishara ya kuanza, kwani kuchelewa kwa sekunde kumi kunatosha kubadilisha picha nzima ya mechi. Fanyeni mapitio kumi au zaidi, kisha mrudi kivulini na kulinganisha. Siku hiyohiyo wafanye igizo la kujibu maswali ya wapita njia. Jibu liwe fupi na la heshima: «Papa, tunahesabu wangapi wanacheza na wangapi wameketi. Hatuandiki jina la mtu, hatupigi picha. Barua ya komine ni hii.» Mtu akiendelea kukasirika, mwangalizi anakunja karatasi, anaaga na kuondoka, pitio lililopotea litafanywa siku nyingine. Watoto wasiitwe, wasipewe peremende, wasiulizwe umri.

Siku ya nne ni mtihani.

Kupima makubaliano

Mtihani unapima kama waangalizi wawili wanaandika kitu kilekile. Hesabu rahisi ni kugawanya namba ndogo kwa namba kubwa na kuzidisha kwa 100. Kiwango kinachokubaliwa na wengi ni asilimia 80 kwenda juu, na asiyefika hapo anarudia siku ya tatu, bila aibu.

Lakini hesabu hii inadanganya ikifanywa juu ya jumla peke yake. Tuseme mwangalizi wa kwanza ameandika T 20, M 14 na N 6, jumla watu 40. Mwenzake ameandika T 20, M 12 na N 9, jumla 41. Kwa jumla wamekubaliana kwa asilimia 98, na mkufunzi mvivu atawapa vyeti. Ukitazama kila herufi, T ni asilimia 100, M ni 86, lakini N ni 67 tu, yaani hawakubaliani kabisa juu ya kitu ambacho uchunguzi wote unakitafuta. Kwa hiyo pimeni kila herufi, kila jinsia na kila rika kivyake.

Mtego wa pili ni eneo tulivu. Ikiwa watu 90 kati ya 100 wameketi, mtu anayeandika T kwa kila mmoja bila kutazama atakuwa sahihi kwa asilimia 90. Mtihani ufanyike mahali penye pilika, na pakiwa na mtaalamu wa takwimu, aombwe kukokotoa kipimo cha kappa, ambacho huondoa makubaliano yanayotokea kwa bahati.

Rika ndilo litakaloleta ugomvi mwingi, hasa mpaka wa miaka 12 na 13 na ule wa 20 na 21. Makubaliano yakishindikana baada ya mazoezi ya kutosha, ni afadhali kuunganisha makundi mawili kuliko kuchapisha tofauti ambazo macho hayakuziona.

Ratiba ya kuangalia

Utafiti wa kwanza ulipita bustanini mara nne kwa siku, siku zote saba, kuanzia 07:30 hadi 18:30. Baadaye Cohen na wenzake walionyesha, mwaka 2011, kwamba siku nne za juma zenye vipindi vinne kila siku zinatosha kutoa picha ya kuaminika. Ratiba hiyo ya siku nne inawezekana kwa wajitoleaji, mradi iwe na siku za kazi na za mwisho wa juma.

Saa ndizo za kubadilisha. Mwezi Juni jua la Lubumbashi huzama kabla ya 18:00, kwa hiyo kipindi cha 18:30 kitakuwa cha giza mahali pasipo na taa. Ninapendekeza 06:45, ili kuwapata waliotoka kufanya futingi (mbio za mazoezi) kabla ya kazi, kisha 11:30, 14:30 na 16:45. Shule nyingi huwa na zamu ya asubuhi na ya alasiri, kwa hiyo mtoto anayeonekana akicheza saa 11:30 si lazima awe ametoroka masomo, na mwangalizi hana pa kuandika dhana hiyo.

Chagueni majuma ya kawaida. Siku ya mchezo kati ya TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo, viwanja vya mitaa hutoa picha ya siku hiyo peke yake. Vivyo hivyo 30 Juni na sikukuu nyingine. Mvua ikinyesha, ahirisheni kipindi na muandike sababu. Kwa wanaoweza, marudio mawili yanafaa: moja katika kiangazi, wakati baridi ya asubuhi za Juni na Julai huwachelewesha watu ndani, na jingine katika miezi ya mvua.

Eneo tupu liandikwe sifuri katika kila kisanduku. Wajitoleaji huona haya kurudisha karatasi ya sifuri, kana kwamba hawakufanya kazi, na wengine hungoja mpaka watu waje. Waambieni tangu siku ya kwanza kwamba sifuri ya saa 14:30 katika jua la Oktoba, kwenye uwanja usio na mti, ni hoja nzito kuliko kurasa tatu za maombi ya kupandiwa miti.

Usimamizi na matumizi ya namba

Macho yaliyofundishwa hulegea. Msimamizi afike bila taarifa angalau katika kipindi kimoja kati ya vinane, aangalie sambamba na mwangalizi na kulinganisha papo hapo. Makubaliano yakishuka chini ya asilimia 80, kazi isimame kwa nusu siku, wote wasome tena daftari la maamuzi. Fomu zikusanywe jioni ileile, zikaguliwe na kuwekwa mahali penye kufuli.

Wakati wa kuandika ripoti, semeni tu kile ambacho utaratibu huu unaweza kusema. Mtu yuleyule anaweza kuandikwa asubuhi na jioni, kwa hiyo jumla ya mapitio si idadi ya wakazi wanaotumia uwanja. Vilevile, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilipendekeza mwaka 2020 kwamba mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa juma, na watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku. Fomu zetu haziwezi kueleza ni nani aliyefikia kiwango hicho, kwa kuwa hazimfuati mtu. Zinaweza kueleza kwamba katika eneo fulani, saa fulani, wasichana walikuwa wachache kuliko wavulana na wengi wao walikuwa wameketi ukingoni, au kwamba eneo lenye kocha lilikuwa na herufi N nyingi kuliko lile lisilo naye.

Matokeo yapelekwe kwanza mtaani, katika kikao cha shefu wa kartie, kabla ya kwenda kwa mfadhili, na wajitoleaji wenyewe ndio wayaeleze. Wachore ramani ya uwanja kwenye karatasi kubwa, waandike namba ndani ya kila eneo, wawaache wakazi waulize. Mama anayeuza mandazi nyuma ya goli atajua kwa nini eneo la nne lilikuwa tupu siku ya Jumamosi, na maelezo yake yaandikwe pembeni ya ramani, kwa kalamu ya rangi nyingine ili yasichanganywe na hesabu.